Boti ya Laini Saba

Jumapili iliyopita nilirudi Laini Saba, kule Kibera. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Mtu wa mwisho niliyemjua alihama zamani, na mimi mwenyewe nimekaa Kawangware miaka mingi hata wateja wangu wa saluni hudhani nilizaliwa hapa. Lakini wiki hiyo nilikuwa nimesimama kando ya Barabara ya Naivasha nikingoja kuvuka, sukuma na nyanya mkononi, nikaona pikapu ikivuta boti juu ya trela. Boti nyeupe, mpya, imefunikwa turubai nusu. Sijui ilitoka wapi wala ilikuwa ikienda wapi. Foleni ilikuwa imekwama, kwa hiyo ikasimama mbele yangu, karibu sana, ningenyoosha mkono ningeigusa. Watu wakaanza kucheka. Mwenye mkokoteni mmoja akamwita dereva, "Buda, bahari iko wapi huku?" Mimi sikucheka. Foleni ilipoanza kusonga nilikuwa nimesahau hata kuvuka.

Basi Jumapili baada ya kanisa nikaenda. Nilifuata reli kwa miguu kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, nikapita mafundi wa vitanda, wauza viatu vya mitumba, mama wa viazi karai ambaye bila shaka si yule wa zamani ingawa moshi ulikuwa ule ule. Nikafika mahali ploti yetu ilipokuwa. Haiko. Mahali tulipolala, tulipopikia, tulipoanika nguo, sasa ni barabara ya lami, pana, na magari yanapita mbio. Nilijaribu kupima kwa macho: chumba chetu kilikuwa hapa, choo kilikuwa pale. Nilishindwa. Hata mteremko wenyewe waliukata.

"Unatafuta nani, siz?" aliniuliza kijana aliyekuwa akiuza vifuniko vya simu pembeni.

"Hakuna. Hapa palikuwa kwetu."

Akaangalia lami, akaniangalia mimi. "Hapa hapa kwa road?"

"Hapa hapa."

Akainua kofia yake kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi, kisha akarudi kwa wateja wake.

Wewe pengine nawe una mahali pako palipomwagiwa lami, kwa hiyo utanivumilia nikikueleza habari za pale.

Baba alikuwa fundi wa mabati. Kibanda chake kilikuwa kando ya reli, na humo alitengeneza sufuria, makarai, masanduku ya watoto wa bweni na mifereji ya paa. Ukisikia mtu akilalamika kwamba Laini Saba ilikuwa na kelele, ujue kelele nyingine ilikuwa ni Baba. Sisi watoto tulisoma moyo wake kwa nyundo. Akiwa na furaha aligonga haraka haraka, midundo midogo kama mvua inayoanza. Akiwa na hasira aligonga mara moja, akanyamaza, akagonga tena. Watu walipomletea kitu kilichochakaa na kumwambia hakifai tena, aliwajibu vile vile kila mara: "Usiniambie kimekufa mpaka nikigonge nisikie."

Kwao kulikuwa ziwani, magharibi. Babu yangu alikuwa mvuvi, na mtumbwi wake wa mbao ulioza pole pole mpaka siku moja, siku isiyokuwa hata na mawimbi, ukapasuka ukazama naye. Baba alikuwa kijana wakati huo. Alimwacha mama yake kule, akaja Nairobi, akimwahidi kwamba atarudi na chombo kisichooza. Miaka ikapita. Aliona aibu kurudi mikono mitupu, na kadiri alivyokawia ndivyo aibu ilivyozidi kuwa nzito. Nyanya yetu tulimjua kwa salamu tu. Wafanyabiashara waliomletea Mama magunia ya omena, wale dagaa wadogo wakavu, kutoka ziwani walileta na maneno yake: mwambieni bado naishi, mwambieni paa linavuja, mwambieni macho yameanza kuingia ukungu.

Mama alikuwa mtu wa Machakos, nchi kavu, ambako akiwa msichana alifukua mchanga wa mto uliokauka ndipo apate maji ya kunywa. Ziwa hakuwa ameliona hata siku moja. Lakini aliuza omena Kisumu Ndogo, humo humo Kibera, akizipima kwa kopo na kuongeza kiganja kimoja juu kwa mteja wa siku zote, na alijua zilizoanikwa juani vizuri na zilizonyeshewa kuliko hata wanawake waliozaliwa kando ya maji. Nguo zetu zilinuka omena, na vitabu vyetu vya shule, na nywele zetu. Hata leo nikipita mahali zinapokaangwa na nyanya na kitunguu, miguu husimama yenyewe.

Boti ilikuja kwetu hivi. Baba aliitwa mtaa wa Lavington kutengeneza mifereji ya nyumba kubwa ya mzee mmoja aliyekuwa akijiandaa kuhama nchi. Nyuma ya nyumba, chini ya ua wa miiba, palikuwa na boti ya kuvulia samaki, ya alumini, imejaa majani makavu na kuku wanataga ndani. Ilikuwa juu ya trela lake, na magurudumu yalikuwa yamezama udongoni. Baba aliigonga kwa kidole. Alituambia baadaye kwamba ililia kama kengele. Yule mzee alipoona fundi amesimama pale bila kusogea, akamwambia achukue vyote viwili, mradi aviondoe kabla ya nyumba kukabidhiwa.

Kawangware ndiyo ilikuwa karibu, na huko Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa na uwanja mdogo wa kutengeneza mikokoteni. Walivuta trela mpaka kwake kwa kamba, gurudumu moja likikwaruza lami njia nzima bila kuzunguka. Walipoingia tu uwanjani, ekseli ikakatika. Kwa hiyo trela likabaki kwa Mjomba, na boti ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikaja Kibera.

Sitasahau ilivyoingia. Vichochoro vyetu havikutosha mkokoteni, kwa hiyo wanaume waliigeuza juu chini, wakaibeba vichwani. Hukuona sura zao, uliona miguu tu chini ya chombo kikubwa cha kijivu kinachotembea kati ya nyumba. Watoto tulikimbia mbele tukipiga kelele, "Fundi ameleta meli! Fundi ameleta meli!" Mwisho wa ploti yetu, upande wa reli, palikuwa na nafasi wazi ya kuanikia nguo. Wakaiweka pale, juu ya matofali.

Mama alitoka, mikono kiunoni. "Hii ni nini?"

"Yie," Baba akasema. Ndilo neno la kwao la mtumbwi, na hakuwahi kuiita jina lingine.

"Na inaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni wapi, kama si hapa?"

Baba alikuwa ameshaingia ndani ya boti, anabandua majani yaliyokuwa yameganda.

Kuanzia siku hiyo, kila jioni akitoka kibandani kabla jua halijazama, alikuja moja kwa moja pale. Hakuvua hata aproni. Tulisugua rangi ya zamani kwa msasa mpaka vidole vikawa vyeupe. Ubao wa nyuma, ule unaoshikilia injini, ulikuwa umeoza. Baba alipoushika ulimomonyoka kama mandazi yaliyolowa chai, akauchongea mwingine wa mbao ngumu. Alitoa riveti zilizolegea, vile vijisumari butu vinavyoshikanisha bati na bati, na sisi watoto tukaziokota tukachezea kama sarafu. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika kipande cha chuma upande wa ndani wakati yeye anagonga riveti mpya kwa nje. Kila pigo liliniingia mpaka menoni. "Kaza," alikuwa akisema. "Ukilegeza mkono wewe, nyanya yako atalowa miguu."

Halafu kukaja siku ya maji. Baba alisema huwezi kujua boti inavujia wapi kwa kuitazama, sharti uijaze ndani, uangalie inapotoa machozi. Ulikuwa msimu wa kiangazi. Mabomba ya kwetu yalikuwa makavu na watu walikuwa wakipanga foleni Mashimoni kwa mtungi mmoja.

"Watu hawana maji ya kupikia," Mama akamwambia, "na wewe unataka kuogesha chuma?"

Baba akawaita wanawake wa ploti. Akawaambia, Jumamosi mtateka maji ya kufulia kama kawaida, lakini kabla hamjafua, yapitie kwangu kwanza. Yakishanionyesha ninachotaka, ni yenu. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama aliyefulia watu nguo kwa kazi, ndiye aliyekubali wa kwanza, nafikiri kwa udadisi tu. Wengine wakafuata. Jumamosi hiyo wanawake walipanda kutoka Mashimoni na mitungi migongoni, mmoja baada ya mwingine, wakimimina. Baba alikuwa amelala chali chini ya boti juu ya gunia, chaki mkononi. Akatuambia tunyamaze. Ploti nzima ikanyamaza, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kisha tone la kwanza likaanguka kwenye karai. Ti. Akachora duara. Ti. Akachora jingine. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa na alikuwa akitabasamu kama mtoto. "Kumbe ni chache," akasema. "Kumbe inataka kupona."

Baadaye wanawake waliingia ndani ya boti, wakakunja leso, wakafua humo humo. Povu lilimwagika pande zote. Sisi watoto tulioga katika maji yaliyobaki, watoto wa ploti nzima, tukisukumana na kupiga mayowe, na yule jirani akasema, "Leo ndiyo nimejua kazi ya hii boti." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baada yake alibadilika. Alianza kuchagulia omena zake akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha boti. Alishona kifuniko kwa magunia ya unga. Nikamsikia akimwambia mteja, "Tukienda ziwani Desemba," kama mtu anayezungumzia sokoni.

Jumapili tulikwenda Kawangware kuangalia trela. Ilikuwa safari ya miguu, Baba mbele, sisi nyuma, na tulifika tukiwa na vumbi hadi magotini. Shangazi, mke wa Mjomba, alitupa githeri ya moto na chai iliyojaa tangawizi. Mjomba alikuwa mtu wa mzaha. "Mimi mtu wa Machakos," alikuwa akisema, "natengeneza gari la meli. Nikiwaambia nyumbani watanifunga." Lakini kazi aliifanya. Alichomelea ekseli, akabadilisha springi, akapata magurudumu ya gari dogo lililokufa, akapaka fremu rangi ya kuzuia kutu, nyekundu kama udongo wa kwao. Siku aliyomaliza aliinua upande mmoja kwa jeki, akatia gurudumu mkono, likazunguka kimya, likazunguka, likazunguka. Tulisimama tukilitazama hadi liliposimama.

"Yangu iko tayari, shemeji," akasema. "Yako lini?"

"Rangi tu," Baba akajibu. "Rangi, na lori la omena likirudi ziwani tupu, tunafunga nyuma yake."

Ujumbe ukapelekwa kwa Nyanya. Jibu likaja na magunia: "Aje wakati bado namwona."

Ilikuwa karibu na shule kufungwa, asubuhi, nilipoona mawe yakishushwa pale kwenye nafasi ya kuanikia nguo. Mwenye ploti alikuwa amesimama na mafundi wa ujenzi. Alikuwa mtu mpole, ambaye hakuwahi kupaza sauti, na nadhani ndiyo maana Baba alimwamini.

"Fundi," akasema, "hapa naweka vyumba. Mawe chini, mabati juu, ghorofa moja. Watu wanatafuta nyumba."

"Na boti yangu?"

"Ikae tu. Si iko kwa kona?"

"Itatoka aje?"

"Nitakuachia njia."

"Njia ya boti?"

"Fundi, si nimekuambia nitakuachia njia?"

Baba alitaka kuitoa siku hiyo hiyo, lakini rangi ya chini ilikuwa bado mbichi, na lori lilikuwa halijarudi, na huko nje kando ya reli hakuna mtu angeacha alumini usiku mmoja aikute asubuhi. Kwa hiyo aliiacha. Kila jioni alipaka rangi, na kila jioni ukuta ulikuwa umepanda kidogo. Siku walipomaliza, Baba aliiendea ile njia. Alisimama katikati, akanyoosha viwiko pande zote mbili. Vikagusa mawe. Ilikuwa njia ya mtu na ndoo yake. Alikaa hivyo kwa muda, viwiko vimegusa huku na huku, na hakugonga kitu chochote jioni hiyo.

Alimwendea mwenye ploti mara nyingi. Mara ya mwisho nilikuwa naye. "Mimi nauza vyumba, fundi," yule mtu alimwambia, bado kwa upole. "Siuzi nafasi ya meli. Ikate vipande, utaiunga huko mbele."

Pande zile nyingine tatu zilikuwa nyumba za watu, zimeshikana. Ilibaki njia ya juu. Wanaume wale wale walioileta walikubali kuja Jumapili mchana kuipitisha juu ya mapaa hadi kwenye reli, na Mjomba angengoja upande wa pili na trela lake, amelileta kutoka Kawangware. Tatizo lilikuwa stima. Kama unazijua nyumba zetu unajua zile nyaya zilizotandazwa juu ya mapaa kama kamba za nguo, kila mtu na za kwake. Baba alimtafuta kijana aliyekuwa akiuza stima kwetu, akamsihi azime. Kijana akazima. Taa zetu zikafa, redio zikanyamaza, akatupungia mkono kutoka juu ya paa kwamba ni salama.

Waliiinua. Ilikuwa imepakwa bluu, na jua liliipiga, na kwa mara ya kwanza niliiona yote, chini hadi juu, ikiwa hewani. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikuwa ameshika magunia yake ya kufunikia, tayari. Baba alikuwa juu ya paa, mbele, akiishika pua yake kwa mkono wa kulia, akiielekeza. "Pole pole. Kulia kidogo. Kulia."

Kulikuwa na waya mwingine. Haukuwa wa yule kijana, ulikuwa wa mtu mwingine wa ng'ambo ya reli, ulipita chini ya bati na kutokea pale. Hakuna aliyeujua mpaka boti ilipougusa. Sikuona moto wowote. Nilisikia tu sauti kama mtu anachana kitambaa, na wale waliokuwa chini wakaiachia, na Baba akabaki ameishika peke yake, akitetemeka, hawezi kuachilia. Mama alipiga yowe akimwita jina lake, jina lake la utoto, ambalo sisi hatukulijua. Jirani yetu yule wa kufua alichukua fimbo ya kuinulia kamba za nguo, ya mbao, akapanda juu ya ngazi akamsukuma nayo mpaka akaanguka. Boti nayo ikateleza, ikarudi ndani ya ploti, ikaanguka pale pale kwenye matofali yake.

Baba hakufa. Hospitalini walifanya walichoweza. Lakini mkono wa kulia ulikunjamana, vidole vikajikunja kuelekea kiganjani, vikakaa hivyo. Hakuweza tena kushika nyundo. Alijaribu kwa kushoto, na sisi tuliosikiliza kutoka nyumbani tulijua. Haikuwa midundo ya furaha wala ya hasira. Ilikuwa ya mtu asiyejua anagonga nini.

Mleta omena mmoja alikuja na habari baada ya mvua kuanza. Nyanya alikuwa amelala na hakuamka. Baba alikwenda peke yake kumzika, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Aliporudi alikaa siku kadhaa kwenye ukingo wa boti. Kisha asubuhi moja akamwambia Mama, "Ikatwe."

"Tuache kwanza," Mama akasema. "Ukuta utaanguka siku moja. Kuta za huku huanguka."

"Ya kumpelekea nani? Ikatwe."

Akamwita Mjomba, kwa sababu Mjomba alikuwa na mikono miwili. Mjomba alifika kutoka Kawangware na mkasi mkubwa wa bati. Alizunguka boti mara moja, akapitisha kiganja juu ya riveti, akaweka mkasi chini. "Mimi siwezi, shemeji. Nisamehe." Akaondoka bila kunywa chai.

Mama ndiye aliyeikata. Aliokota mkasi pale ulipowekwa, akauliza, "Naanzia wapi?" Baba alichora mistari kwa chaki, kwa mkono wa kushoto, mistari iliyopinda kama ya mtoto wa shule ya vidudu. "Hapo. Kaza. Usiivute, iache ijikate yenyewe." Majirani waliingia vyumbani mwao, wakafunga milango mchana kweupe. Sisi watoto hatukuwa na pa kwenda, tulibaki tukitazama. Alumini ikikatwa hulia sauti nyembamba, ndefu, na Mama alipofika kwenye zile riveti ambazo mimi na Baba tulizigonga pamoja, mkasi ulikataa. Akatumia patasi na nyundo ya Baba. Malengelenge yakampasuka mikononi. Hakulia, wala Baba hakulia. Alikuwa akimwelekeza tu, kwa sauti ya chini, kwa uvumilivu mkubwa, kama anamfundisha kazi. "Vizuri. Sasa geuza. Vizuri sana."

Vipande vilichukuliwa na mafundi wengine wa kando ya reli, na huko vikawa sufuria. Wiki nzima niliwasikia wakizigonga.

Baba aliishi miaka mingi baadaye, na hilo ndilo gumu kulieleza, kwa sababu watu hutaka kusikia kwamba mtu alikufa kwa huzuni au alishinda huzuni. Yeye aliendelea tu kuwapo. Alikula, alikwenda kanisani, aliuliza kuhusu shule. Mama aliuza omena kwa ajili yetu sote. Barabara ilipokuja na watu wenye makopo ya rangi wakachora milango yetu alama ya kubomolewa, kuta zile za mawe zilianguka kwa dakika chache tu, mbele ya macho yetu, na njia ikawa wazi kabisa mpaka kwenye reli. Baba aliitazama ile nafasi, akabeba godoro lake. Tukahamia Kawangware. Huko Mjomba alikuwa ameshaweka tangi juu ya lile trela, anauza maji mitaani. Siku ya kwanza Baba alipoliona likipita mlangoni, aliingia ndani akalala, mchana huo huo, akageukia ukutani.

Alikufa wakati wa mvua za masika, mwaka juzi, usingizini. Tukampeleka kwao. Hapo ndipo Mama, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alifika ziwani.

Siku ya mazishi hapakuwa na nafasi ya kutembea. Lakini asubuhi ya kuondoka, gari likiwa tayari, aliniambia, "Nipeleke nione." Tuliteremka mimi na yeye kwenye njia ya ng'ombe, kati ya mahindi. Alivua viatu kabla hatujafika, akavishika mkononi, nikajua anataka kulowesha miguu. Njia ikaisha. Mbele yetu palikuwa na kijani kitupu. Majani mapana, manene, yenye maua ya zambarau, yametanda toka miguuni petu hadi mahali macho yanapoishia. Mitumbwi ilikuwa imesimama ndani yake kama mikokoteni shambani. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake, hana la kufanya.

"Mzee," Mama akamwamkua, "ziwa liko wapi?"

"Ndilo hili, mama."

"Hili ni shamba."

"Maji iko chini. Ni magugu imefunika. Saa zingine husogea, ukingoja."

Tukangoja. Mama alisimama pekupeku kwenye tope kavu, viatu mkononi, anatazama. Hakuna kilichosogea. Ndege mweupe alitembea juu ya ziwa kwa miguu yake, akaenda mbali sana, na hakuzama. Kule juu dereva akapiga honi, kisha akapiga tena.

Nilitafuta neno lolote la Baba la kumpa Mama pale, na sikulipata. Ploti ilikuwa imekwisha, na mikono ile, na kelele ile ya asubuhi niliyodhani ingekuwapo siku zote. Na sasa hata hili, alilolitaka Mama kwa muda mrefu hivyo, lilikuwa limefunikwa tusilione.

Mama aliinama, akapangusa vumbi kwenye nyayo zake, akavaa viatu.

"Twende," akasema. "Tunawachelewesha watu."